Kiputo Kimoja na Picha ya Moyo wa Mama

Macassar,
Rasi ya Magharibi.
12 Septemba

Mpendwa kaka Ashwin,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe, Lizelle na watoto hamjambo, na baridi ya Perth imeanza kuwaachia. Huku tu wazima, ila Mama bado anahema akipanda ngazi.

Kwenye simu ulinifokea kwa nini picha ya moyo wake iliahirishwa, kisha ukakata. Basi jibu nakuandikia, maana barua haikatizwi.

Dawa inayouonyesha moyo kwenye picha ile huanzia hapa kazini kwetu. Madini laini hufungiwa ndani ya kikopo cha chuma, kisha mashine kubwa hukipiga kwa chembe ziendazo kasi ili madini yageuke kuwa chanzo cha dawa hiyo. Kikopo hupata moto vibaya, kwa hiyo maji baridi hupita juu na chini yake muda wote. Tatizo ni kwamba madini hayo yakigusana na maji hulipuka. Ndiyo maana kila kikopo hupitia kwangu kwanza. Nakitumbukiza kwenye chupa ya spiriti, navuta hewa iliyomo, natazama kama kitatoa viputo.

Ijumaa ile kilitoa kimoja.

Ijumaa ni siku ya gatsby, nawe hujausahau mkate ule, chipsi ndani na mafuta mpaka kwenye viwiko. Granville, mchomeleaji wetu, alikula nusu nzima, kisha akasogeza kifuniko kwa kidole kitupu kabla ya kukichomelea. Alidhani kidole kimoja si kitu, kumbe mafuta kidogo tu huacha tundu kwenye chuma kilichochomelewa.

"Kiputo kimoja tu, dada! Hiyo ni hewa iliyonasa nje."

"Haya, kifute, tujaribu tena."

Tukajaribu. Kikatoka palepale.

"Rochelle, si mama yako naye anangoja dawa hii hii?"

"Anangoja. Nenda kanawe mikono, Granville."

Nikakikataa. Hatukuwa na kingine tayari, na zamu yetu ya mashine ikapita hivyo. Hospitali ikawasogeza wagonjwa wote majuma mawili, Mama akiwamo. Siku zote hizo nilikuwa nikisimama mlangoni kwake nisikilize anavyopumua. Niliogopa sana, Ashwin. Lakini kikopo kinachovuja ni kikopo kinachovuja.

Jumanne alipigwa picha hatimaye. Mshipa mmoja umebana, na daktari anasema utazibuliwa wiki ijayo, bado hatujachelewa. Tulipokuwa tumeketi nje akafungua koeksister zake, yale maandazi ya shira, maana alikuwa hajala tangu asubuhi. Mdomo wake unaujua, akaniuliza kuhusu kikopo alichosikia kimekataliwa.

"Huyo aliyekikataa hicho kikopo, hana mama?"

"Anaye. Ameketi naye hapa anakula koeksister."

 Akaimega iliyobaki, akanipa kipande kikubwa.

Nisalimie Lizelle, Keanu na mdogo wake. Mjomba Hennie anawasalimu, na Granville pia, ambaye siku hizi gatsby yake anaila kwa uma. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mama naye ana ujumbe. Anasema ukitaka kumfokea mtu, piga simu umfokee yeye, mimi niachwe nifanye kazi yangu.

Dada yako akupendaye hata ukimkatia simu,

Rochelle