Achari Iliyopanda Ndege

Jumapili jioni, Kiseke. Asubuhi ilinyesha, mchana jua likawaka kwa hasira, na sasa wamebaki mbu tu. Hasira nimerudi nazo mimi. Naandika kabla hazijapoa, maana najijua: nikilala nazo, kesho naamka namtetea wifi yangu kama kawaida.

Leo imekuja posa ya Neema. Neema ni binti wa wifi Ester, dada wa mume wangu anayekaa Igoma, na mchumba wake ni kijana wa Kihaya, mpole, ana kazi yake nzuri. Wazee wake wamelala kwenye meli kutoka Bukoba, wakashuka asubuhi na nguo zao zimenyooka utadhani walilala kitandani.

Wifi aliniomba nilete achari. Sikuinung'unikia kazi hiyo hata kidogo. Tangu kiwanda cha nguo kitupunguze, achari ndiyo inayonifanya niamke asubuhi nikiwa na la kufanya. Nakata karoti, kabichi, pilipili hoho, natia chumvi na kuanika kwenye ungo, halafu nafunika na kipande cha chandarua ili wale wadudu wa ziwani wasije wakawa kiungo. Wenzangu wanatia ndimu au siki. Mimi natia matunda. Kabichi naipa ukwaju, hoho nazipa pasheni. Majirani walinicheka mwanzoni, siku hizi wanakuja na vibakuli.

Ila ya zambarau ndiyo yenyewe. Nazikamua kwa mkono, naondoa kokwa, nachemsha maji yake na pilipili, vitunguu swaumu na uwatu, kisha namimina ya moto juu ya karoti. Baada ya siku kadhaa karoti zinageuka rangi ya bilinganya. Ukionja, kwanza inakuja chachu, halafu utamu, halafu ule ukavu wa ulimi anaoujua kila aliyewahi kupanda mti wa zambarau utotoni. Hii niliitengeneza kwa ajili ya Neema, na zambarau zenyewe nilizichuma Igoma kwenye mti wa mama yake.

Sasa chupa. Tangu maduka yafurike vitu vya nje, sokoni kuna akina mama wanaouza chupa tupu, na mimi ni mteja wao. Hizi za safari hii zilikuwa na lebo yenye picha ya matango na maandishi ya lugha nisiyoijua. Gundi yake ilikataa kutoka. Nikasugua ndani, nikachemsha, nikaziacha na lebo zake. Uvivu, basi. Sikujua kama nilikuwa namtengenezea mtu uongo.

Wageni wakaketi. Mimi nilikuwa jikoni, uani, naepua ndizi, dirisha liko wazi. Nikamsikia wifi kwa ile sauti yake ya kanisani: "Karibuni na achari, wakwe zetu. Hiyo imetoka Ulaya. Kuna rubani wa ndege za minofu, huwa anatuletea."

Nikasubiri kicheko, nikidhani ni utani.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia vijiko. Mzee mmoja akasema hakuwahi kula kitu kama hicho, akauliza ni tunda gani lile jeusijeusi. Wifi akajibu bila hata kumeza mate: "Ni matunda ya huko kwao, baba. Kwetu huku hayaoti."

Hayaoti! Na mti uko pale mbele ya sebule, umewadondoshea zambarau kwenye gari walilokuja nalo hadi kioo kimekuwa na madoa!

Nilikaa chini juu ya kigoda. Kila siku ndege zile zinapita juu ya vichwa vyetu. Zinabeba minofu ya sangara, sisi tunabaki na mapanki, mifupa na vichwa, tunakaanga na kushukuru. Hilo nimeshalizoea. Lakini achari yangu? Karoti nilizokata kwa kisu changu butu, nazo zinapaswa kwenda Ulaya na kurudi ndipo ziwe tamu? Na aliyezipeleka si mgeni, ni ndugu, mtu anayejua hata ungo ninaoanikia.

Ningeweza kutoka nikasema. Mguu ulishafika mlangoni. Neema akaniona kutoka sebuleni, akanitazama kwa macho ya kuomba, na nikaelewa. Watu wamekuja kuangalia anatoka nyumba ya namna gani. Nikimtaja mama yake kuwa mwongo mbele ya wakwe, atakayebeba aibu ni yeye. Nikarudi kwenye ndizi zangu.

Chakula kilipoisha nikachukua birika na beseni, taulo begani, nikaenda kuwanawisha. Nikaanza na wazee, napiga magoti, shikamoo, marahaba, maji yanamwagika. Nikamfikia shangazi wa kijana, mama mnene mwenye sauti inayofika kwa majirani. Ndiye aliyekuwa amefuta chupa kwa kijiko mpaka chini. Nilipomkabidhi taulo, akanishika mkono.

Zambarau haitoki upesi. Nilikuwa nimejaribu sabuni, nimejaribu ndimu, nimejaribu jivu. Vidole vyangu vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha.

Akaugeuza mkono juu na chini. Akatazama ile chupa mezani, akatazama dirishani ulipo mti. Halafu, yeye mwenye sauti ile, akaniuliza polepole sana:

"Na hivi vidole, mama, navyo vimeshuka na ndege?"

"Hapana, shangazi," nikamwambia. "Hivi ni vya Kiseke."

Akacheka mpaka kiti kikalia. Wazee wakageuka, akawaambia waendelee na mahari yao, haya ni ya wanawake. Akaniinamia sikioni: "Basi nifungie chupa moja ya Kiseke niondoke nayo." Nilitamani kumkumbatia na birika langu mkononi.

Hakusema zaidi ya hapo. Mazungumzo yakaisha vizuri, Neema ameposwa, sendofu ya kumuaga ni mwezi ujao. Nilidhani wifi atakuja jikoni kuniomba radhi, au walau acheke na mimi, tuyamalize.

Alikuja kweli. Akafunga mlango.

"Mama Kulwa, ungepungukiwa nini ungekaa huku jikoni, mtu mwingine akanawisha? Umeniaibisha mbele ya wakwe."

Mimi ndiye nimemwaibisha!

Hapohapo akaendelea kupanga. Siku ya sendofu anataka achari ileile, chupa nyingi, maana watu wameipenda. Lebo nisibandue. "Na kunawisha usihangaike, wifi. Tutatafuta mtu mwenye mikono misafi."

Mikono misafi.

Nimeondoka bila kuaga. Nimemsimulia mume wangu, akasema ndivyo dada yake alivyo, tangu wadogo, niachane naye. Haya. Yeye aachane naye, ni dada yake. Mimi kinachoniuma si rubani wa kubuni. Ni kwamba mikono hii anaitaka ifanye kazi, ila isionekane.

Kwa hiyo nimechemsha maji. Chupa zote tupu zilizobaki nimezilaza kwenye beseni, na nimekuwa nikizikwangua kwa kisu tangu nirudi. Gundi imekubali, kumbe ilitaka maji ya moto na mtu mwenye hasira. Matango yanaelea juu ya maji.

Achari nitatengeneza, Neema hana kosa. Chupa zitaingia ukumbini hivyohivyo, tupu upande wa nje, kila mtu aone karoti zilizomo. Siku moja kabla ya sendofu nitakamua zambarau nyingine kwa mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko, wala sitagusa sabuni wala ndimu.

Na birika nitashika mimi.