Gitaa la Chirau na Mkono Wangu wa Kushoto

Kuze, Mombasa
12 Agosti 1996

Mpendwa Dada Kadzo,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Chirau. U hali gani huko Eldoret? Bado walala na soksi? Na kifua cha Dzoro kimepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Ndoa ina miezi mitatu, dada, na bado nikisikia hatua zake ngazini moyo hunienda mbio. Hata chai niliyosahau kuitia sukari husema ni tamu kwa sababu nimeikoroga mimi!

Lakini leo nimekasirika, na sina wa kumwambia ila wewe.

Wajua Chirau hupiga gitaa la umeme katika kikundi cha taarabu cha Mzee Abdulhalim. Mwezi uliopita likanyamaza. Chini ya nyuzi mna vijidude viwili vya sumaku, vimezungushiwa waya mwembamba kama unywele; ndivyo vinavyoinasa sauti na kuipeleka kwenye spika. Waya ulikuwa umekatika ndani. Vipya hapa mjini hatukuviona, na harusi za watu hazingoji. Chirau akasema tutavizungushia wenyewe.

Akanunua waya kwa fundi wa redio Mwembe Tayari, akabana keke ya seremala, ile ya kutobolea mbao, kwenye meza yangu ya jikoni, akazungusha cha kwanza huku mimi nikiuongoza waya kwa vidole. Cha pili nikaomba nizungushe mimi. Raha iliyoje! Magoti yetu yagusana, na hakuna anayesema neno waya usije ukakatika.

Tulipovifunga, sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. Chirau akautazama mkono wangu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mashoto wee! Umezungusha kinyume changu!" Nikalia. Yeye akafikiri, akaigeuza sumaku ya kile changu juu chini, akajaribu tena. Dada, sauti ilijaa chumba kizima! Na ule mvumo kama wa nyuki, uliokuwa ukimkera miaka yote, ukatoweka. Akanieleza kwamba cha kwake na changu vikilia pamoja, kila kimoja huufuta mvumo wa mwenzake. Kisha akaubusu mkono huu, mkono ambao Mama alikuwa akiufunga kitambaa wakati wa kula, nawe ukinifungulia nyuma ya mlango.

Sasa sikia dhuluma. Jumamosi, harusini, wanawake wakalisifu gitaa. Mzee Abdulhalim akashika kipaza sauti: "Hilo limetiwa vyombo vya Dubai, kina mama!" Nami nimekaa palepale na halua mkononi! Nilimwendea baadaye, akanijibu bila haya, "Mwanangu, nikisema limetengenezwa Kuze na mwanamke mashoto, nani atatuita tena?" Dubai! Dubai ndiko nilikoumia shingo kwa kuinama? Dubai ndiko nilikounguza sufuria nikiyeyusha mishumaa ya kuushikiza waya?

Chirau akanambia niyaache, maadamu gitaa lalia. Nikamkasirikia naye, mara ya kwanza tangu nikahi, na jioni ile chai alikoroga mwenyewe.

Jana Mzee akaja na gitaa la Baya, mpigaji wake wa pili, ataka nalo liache kuvuma kabla ya Ijumaa. Nilichukua kipande cha leso kuukuu, nikaunyosha mkono wa kushoto mbele ya mume wangu. Akanitazama, akaelewa. Akaufunga yeye mwenyewe, mafundo mawili.

"Fundi hana mkono, Mzee," akasema. "Utafunguliwa siku utakapomtaja kwenye kipaza sauti."

"Si uzungushe wewe kinyume?"

"Naweza. Sitaki."

Wallahi, dada, nilimpenda upya! Mzee akaondoka amenuna, lakini gitaa ameliacha mezani.

Nisalimie Shemeji Tsofa, Mama Mkubwa, na umbusu Dzoro. Mola awafunike kwa rehema zake na awaondolee baridi hiyo.

Mkono nimeufungua kwa ajili ya barua hii tu. Chirau amesimama hapa na leso, angoja nitie jina aufunge tena.

Mdogo wako akupendaye,
Kanze