Bega la Mwamini

Jumanne, 6 Machi 2001, Baraka
Foleni hospitalini tangu asubuhi, muuguzi wa zamu ni mimi. Watu wa Lubondja wamefika, wamekimbia risasi. Malaria, kuhara, miguu iliyovimba. Mwamini, mama kijana: tumbo la chini linauma, na bega la kulia. Ana kovu la upasuaji wa uzazi. Niliandika: kovu, na uchovu wa mzigo. Parasetamoli. Anayefuata.

Jumatano, 7 Machi
Mwamini amerudi. Nilikasirika, nikadhani anatafuta vidonge vya kuuza. Mama Zabibu, mkunga wetu, alikuwa anapita na beseni. Akasimama. Akamfunua kope: ndani nyeupe, damu imepungua.
«Ulibeba muzigo na nini?»
«Na kamba, mama. Kwa kichwa.»
Akanigeukia. «Basi bega inauma sababu ya nini?»
Nimezaliwa Fizi! Kila siku ya Mungu nimeona kamba kwenye paji la uso wa mama yangu, mzigo mgongoni. Nani kwetu anabebea begani?
Akamlaza, bega likazidi kuuma. Akamuuliza siku zake: zimechelewa. Mimba nje ya kizazi, akasema, imepasuka, damu inapanda mpaka chini ya mbavu, ndiyo maana bega linauma. Daktari akaitwa, akachoma sindano nyuma ya kizazi kutafuta damu. Ikatoka damu nyeusi, haigandi: ni ya tumboni. Mashine ya kuangalia tumbo hatuna. Tuna Mama Zabibu.

Siku hiyohiyo, jioni
Amepasuliwa, mrija wa uzazi wa kulia umetolewa. Kovu la zamani lilikuwa limeshikamana na utumbo, daktari ametoka jasho. Damu ya kuongeza hakuna. Wakaichota ileile ya tumboni, wakaichuja kwa kompresi, vitambaa safi vya vidonda, wakamrudishia mwenyewe. Mama Zabibu alishika faneli, mkono umetulia kabisa. Mimi nilishika taa.

Alhamisi, 8 Machi
Presha nane, bado iko chini. Yuko hai. Afadhali Mama Zabibu angenitukana. Ameniletea tu mgonjwa mwingine, akakaa pembeni. «Uliza we.» Nikauliza mpaka mgonjwa akachoka. Mungu, nipe nusu ya macho ya mwanamke huyu.

Jumatatu, 12 Machi
Nimemwambia Mwamini: siku ile ni mimi niliyekurudisha na parasetamoli tu. Nilikosea.
Alitazama ukuta. Halafu akanyoosha mkono.
«Nisaidie nisimame.»
Tulitembea mpaka mlangoni. Aliniegemea kwa uzito wake wote. Tukarudi polepole.