Meno ya Poni Yako Barabarani

Baba Poni wangu,

Salamu kutoka hapa nyumbani Gurei. Mimi mkeo nakusalimu, mgongo unauma lakini natembea. Mama yako anakusalimu, macho yamepungua, na bado anagombana na kuku. Mdogo wako Lado anakusalimu, anaendesha boda, na kila jioni nasimama mlangoni mpaka nimwone. Kiden wetu mdogo anakusalimu, ameota meno mawili ya mbele, na nimemwambia mama yako hayo hayaguswi.

Poni hajakusalimu. Amelala. Ndiyo sababu naandika.

Amelala kwenye mkeka karibu na jiko langu la chai, mchana kweupe, pale wateja wanapomwona. Anakoroma. Akikoroma, naandika. Akinyamaza, naacha kalamu.

Ni mkoromo wako uleule, Baba Poni. Unapanda, unakwama, halafu kimya. Siku ile wewe uliponyamaza, mimi nilishukuru. Nilisema moyoni, angalau leo tutapumzika. Nikageuka upande wa pili nikalala. Hilo sijamwambia mtu.

Watu walisema umekabwa na jinamizi, nami nikakubali. Sasa daktari wa kliniki ameniambia kuna ugonjwa: mtu akilala koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, inarudi. Nikamweleza habari zako. Akasema, "Mama, labda baba yake alikuwa nao huuhuu." Labda. Neno hilo nimetembea nalo mpaka leo.

Poni anasinzia na birika mkononi. Juzi alisinzia mbele ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, anaulizwa kitambulisho. Askari akafikiri anamdharau. Nilipiga magoti, Baba Poni, pale kwenye vumbi.

Iko mashine ya kusukuma hewa puani, lakini inataka umeme usiku kucha. Umeme gani? Jenereta ya jirani inazimwa saa tatu, tangu vita mafuta hayaonekani. Kliniki wakasema basi tafuta daktari wa meno, wako wanaotengeneza kitu cha kuvaa mdomoni, kinavuta taya la chini mbele, koo linabaki wazi.

Lado akatupeleka Mangateen kwa mtu mwenye turubai na kiti cha plastiki. Alitoa kitu kwenye mfuko: "Chovya kwenye maji ya moto, ang'ate, khalas, imekwisha." Bei yake ilinipendeza, sikufichi. Lakini hakumfungua mtoto mdomo. Poni alikivaa mchana huohuo, kikachomoka, kikarudi nyuma kooni. Nilikitoa kwa vidole vyangu. Bado naona yale macho yake.

Ngoja. Amenyamaza.

Amerudi. Nimemgeuza ubavu.

Basi nikampeleka mjini kwa daktari wa meno wa kike. Yule alifungua mdomo, akaangalia mpaka nikachoka kusimama. "Mama, meno manne ya chini yalikwenda wapi?" Mimi nikasema alianguka. Niliona haya. Niliogopa msichana wa mjini kama yule atatuita watu wa porini. Kumbe uongo wangu una bei: akasema kama alianguka, kwanza taya lipigwe picha, huenda lilivunjika. Poni akacheka na mdomo wazi, mate yanamwagika. "Daktari, ni haboba wangu, bibi yangu, na chuma chake!" Daktari naye akacheka. "Hata mama yangu ana pengo hilo. Si ungesema tu, mama?"

Hapo nikakumbuka Koboko, kule ukimbizini, tulivyogombana siku mbili juu ya kumng'oa Poni meno ya chini kwa desturi yetu. Mama yako alikuwa amepasha moto chuma, wewe ukasema, "Asije akarudi nyumbani akaonekana mgeni. Ni manne tu, atakula na mengine." Ona sasa. Manne hayo ndiyo yangeshika kile kitu. Sikulaumu. Ndiyo, nakulaumu kidogo. Nami nilimshika mikono.

Daktari akasema kinaweza kushikizwa kwenye magego, lakini kitengenezwe kwa kipimo chake, Kampala. Nimemchagua yeye kwa sababu moja: aliuliza. Ila bei, nilikaa chini.

Nimeuza mabati yako. Yale ya nyumba yetu ya Lemon Gaba, yaliyopangwa huku uani, uliyosema hayauzwi hata tukilala njaa. Mnunuzi aliyagonga kwa kidole kama anayeyaonea huruma, watu wote wanauza, wote wanakimbia. Yamekwenda yote. Upepo ukivuma huku nyuma siyasikii tena yakigongana, na nyumba imekuwa kimya vibaya.

Daktari akachukua sura ya meno ya Poni kwa plasta, ikapakiwa kwenye gari la kwenda Kampala. Leo ni siku ya nne. Tunasikia magari yamepigwa risasi barabara ya Nimule, hiyohiyo ya kwendea Kampala, moja limechomwa. Simu ya dereva haiingii. Mama yako anazunguka tu uani. Asubuhi ndipo akaniambia, "Yale ya kwanza niliyafukia vizuri. Haya yako mikononi mwa nani?"

Lala pema, mume wangu, huko kusiko na milio. Nakuahidi hivi: sitafurahia kimya tena. Gari likifika au lisifike, sikio langu liko kwa Poni, na sura ile ya meno ikipotea nitarudi kwa daktari, nitaanza upya, hata nikiuza jiko hili la chai.

Kama unaliona gari kutoka huko uliko, niletee habari haraka. Njoo ndotoni, nimejifunza kulala kidogo kidogo, utanikuta. Lakini njoo kwangu mimi. Kwa Poni usipite. Ukimkuta usingizini, anakupenda sana, atainuka akufuate. Usimwite jina lake.

Mkeo,
Mama Poni