Matairi Mapya ya Gari la Marehemu

Temeke, Jumamosi. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuanikia nazi. Mie moyo unanichemka tangu alfajiri.

Gari la marehemu mume wangu, lile jekundu la viti viwili lisilo na paa, alilouziwa na bosi wake Mgiriki akirudi kwao, limekaa juu ya mawe uani tangu tuzike. Injini naiwasha kila Ijumaa. Shemeji Kassim, mdogo wa marehemu, keshalipigia hesabu. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba gari kama lile si la mwanamke. Nikamjibu kuwa kesho, kwenye hitima ya kaka yake huko Boko, nitafika nalo nikiendesha mwenyewe. Likinitupa njiani, alichukue.

Nimesema, sirudi nyuma.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye ananiambia hili ni gari la wanyonyaji. Mnyonyaji gani anayekula dona kwa mchicha? Matairi yenyewe nimeyasotea, kibali baada ya kibali, hadi viatu vimeisha soli.

Leo nikayapakia magurudumu kwenye mkokoteni hadi kwa fundi Masanja, Keko. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, watani wa jadi. Hatujawahi kuonana bila kutukanana. Siku ya msiba ndiye aliyelizuia jeneza mlangoni akidai haki yake ya utani, tukacheka huku tunalia.

Magurudumu haya yana spoki kama za baiskeli, na vichwa vyake vimetokeza ndani. Lazima vifunikwe kwa mkanda wa mpira, la sivyo vinaitoboa tyubu. Masanja kaona mikanda ya zamani imeoza, kaitupa, akaanza kupachika tairi hivyo hivyo. Nikamwambia asimame, tyubu itapasuka nikienda kasi barabara ya Bagamoyo. Akasema Wazaramo tunaogopa hata kivuli cha mnazi. Nikafoka. Akazidi kucheka, maana mtani akikasirika ndiyo raha yenyewe.

Loo! Nife kwa sababu fundi anadhani namtania?

Nikasogea mbele yake, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, fundi Masanja."

Karakana nzima ikageuka. Mtani haamkiwi, na huyu nimemzidi umri. Akaweka chuma chini.

"Dada, kulikoni?"

"Leo sikutanii. Nataka nifike Boko nikiwa hai."

Akapitisha kidole ndani ya gurudumu, akakitoa kina damu. Akachana tyubu kuukuu ya lori, akakata mikanda mipya, akalifungua hata lile gurudumu alilokwisha kulimaliza. Kila moja nililipapasa mwenyewe kabla hajaweka tyubu. Waliokuwepo walinitazama kama kichaa, na wanitazame.

Jioni akaja mwenyewe kuyafunga garini. Nikazunguka nalo Temeke yote, khanga inapepea, limetulia barabarani. Nilipomrudisha Masanja kwake akasema amepanda na Mzaramo na bado yu hai, basi Mungu yupo. Nikamtukana, nikajua tumerudi tulipokuwa.

Nimemkumbuka mume wangu, nimelia kidogo. Yamekwisha.

Kesho asubuhi napita kwa Shemeji Kassim, nimpe lifti hadi Boko. Viti ni viwili tu, na usukani ni wangu.