Kiinitete chenye masharubu

Swahiba, naapa kwa macho yangu mawili, leo sitii chumvi hata punje.

Si nilimtambia mjukuu wangu, yule anayesomea ukunga, kwamba zamani niliwachorea walimu viinitete kwa chaki? Kamwambia mwalimu wake! Nimeitwa darasani niwaonyeshe wanafunzi jinsi watu walivyosoma kabla ya skrini.

Nikachora, ningefanyaje? Kibwana kidogo, kimekunja miguu, kina masharubu.

Mwalimu akawasha skrini. Kiinitete kinazunguka, kina MKIA! Mkia, swahiba!

Nikasema, "Enzi zetu haukuwepo."

Mwalimu akasema, "Babu, hata enzi za chaki mkia ulikuwepo. Chako hiki kinakwenda kazini?"

Darasa likaangua kicheko. Mjukuu kajifunika uso. "Babu, uliwahi kuchora kweli?"

Nikafuta masharubu kwa kiganja.

Sasa, kwa adhabu ya kutia chumvi, nimekalishwa mbele, nafinyanga viinitete vya udongo vya darasa zima. Mjukuu ndiye anayekagua mikia.