Albamu Aliyoipanga Baba

3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini magoti hayakusumbui sana. Mimi huku ni mzima, kazi inaenda.

Nesi anayekuja kumwangalia mama ameniambia kwamba sasa anasahau hata watu aliowazaa. Anashauri atengenezewe albamu, aipitie kila asubuhi. Picha zote ziko kabatini kwako, ndiyo maana nakuomba wewe. Kila mtu mpe ukurasa wake. Sura iwe moja, kubwa, na jina chini yake. Pembeni acha patupu ili jicho lipate pa kupumzika.

Najua bado una kinyongo kwamba niliacha duka lako nikaenda kushona kwa watu wengine. Nikasirikie mimi, Baba. Lakini mama asinisahau.

Ni mimi binti yako.


19 Machi

Binti yangu, salamu.

Mimi mzima, meno yangu yote yapo isipokuwa yale yaliyong'oka.

Wewe wa kunifundisha mimi kupanga picha? Mkono huu umekata suti za mabwana harusi mji mzima. Fundi wa kweli hatupi kitambaa, anabananisha vipande mpaka upepo ukose njia. Wewe unataka ukurasa mzima ukae na kichwa kimoja kama duka lililofilisika.

Nimekata vichwa vyote nikavipanga. Mimi niko katikati, kila ukurasa, na futi yangu ya kupimia shingoni. Kaka zako kushoto na kulia kama mifuko ya koti. Shangazi zako nimewateremsha chini wawe vifungo. Kingo nimezipitisha mkasi wa meno. Nesi alipoona alishika kichwa, kwa uzuri.

Asubuhi namwonyesha mama yako. Namuuliza huyu nani, anasema, "Wewe." Na huyu? "Wewe." Hajakosea hata mara moja.

Wewe sikukuweka. Aliyehama duka amehama na albamu.

Baba yako, fundi.


2 Aprili

Baba, shikamoo.

Mama anakula? Analala? Hukuandika.

Sitaki ugomvi. Nimeutengeneza ukurasa wangu mwenyewe, umo ndani ya bahasha hii. Picha nimeibandika upande mmoja, si katikati, ili mama akishika albamu mkono wake usinifunike. Nyuma nimeweka karatasi ya bluu, maana njano ya gauni nililovaa pichani inawaka ikikaa juu ya bluu. Gauni hilo alinishonea mama wiki ile niliyoondoka. Jina langu liko chini, na kwingine nimeacha patupu kwa makusudi.

Usiguse kitu, Baba. Utie tu kwenye albamu. Gauni bado ninalo, ila picha niliyopigwa nimelivaa ni hiyo hiyo moja.

Binti yako.


21 Aprili

Binti yangu, salamu.

Mimi mzima, jana nimebeba gunia mwenyewe, vijana wakanitazama.

Ukurasa wako umefika. Uwanja wa mpira na kichwa kimoja! Lakini rangi ulichagua, hapo ulifuata damu yangu. Nikauambia mkasi, haya twende. Gauni nimelikata maua. Maua ya njano juu ya bluu, yamenizunguka kuanzia bega hadi bega. Uso haukunifaa kwa lolote, ukaenda na takataka. Na kitambaa hicho nakijua, kilitoka rafu yangu ya juu. Kumbe mlikuwa mnashona nyuma ya mgongo wangu, nyinyi wawili.

Ukurasa huo umezishinda kurasa zote. Mama yako hataki kugeuza. Analipapasa ua moja kwa kidole kama anayetafuta mshono. Jana akaniuliza, "Mwenye gauni hili yuko wapi?"

Nikamwambia hayo ni maua. Akakataa, akasema hapa alipunguza kiunoni, mtoto alikuwa mwembamba. Akauliza tena mchana, akauliza jioni, chakula akakisukuma. Unaona kazi ya mkono wangu? Hata mgonjwa haachi kuiongelea.

Baba yako, fundi.


30 Aprili

Baba, shikamoo.

Ananikumbuka. Rudia kusoma uliyoyaandika mwenyewe, Baba. Ananikumbuka.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa mlangoni kwenu nimevaa gauni lenyewe. Usibandue kitu. Akiuliza mwenye gauni yuko wapi, mwambie anakuja. Neno hilo moja tu, nakuomba.

Binti yako.


4 Mei

Binti yangu, salamu.

Mimi mzima. Mama yako naye ametulia, chakula anakula.

Barua yako imenikuta nimeshamaliza kazi. Aliuliza mpaka nikachoka. Mtu na akili zake huulizwa jambo mara moja, si kutwa nzima. Nikamwambia mwenye gauni alikufa. Alilia sana. Nesi akanitolea macho, lakini yeye hajaishi na mke wangu. Kulipokucha mama yako alikuwa ameshasahau, akauliza tena, nikamwambia tena, akalia upya kabisa, kama ndiyo kwanza anasikia.

Mimi siyo mtu wa kurudia maneno. Ukurasa nimeuzungushia utepe mweusi, mstari umenyooka huwezi kuamini ni mkono wa mzee, na juu ya maua nimeandika MAREHEMU. Sasa akifika hapo anajisomea mwenyewe, analia kidogo, tunageuza.

Kwa hiyo Jumamosi usije na gauni hilo, utamvuruga. Vaa kitu kingine, upige hodi kama watu wengine. Nitamwambia ni mteja amekuja kupimwa.

Baba yako.